Leupold VX-3i 1.5-5x20 juu ya .375: darubini ndogo kwa pori la miombo

Darubini ninayoitathmini hapa ni Leupold VX-3i, ile inayokuza kuanzia mara 1.5 hadi mara 5, yenye lenzi ya mbele ya milimita 20. Imekaa juu ya CZ 550 Safari Magnum ya risasi nzito ya .375 H&H, bunduki ya Wacheki wa Uherský Brod ambayo wawindaji wengi wa Tanzania bado wanaiita BRNO kwa mazoea. Mimi ni mwindaji bingwa, yaani ninayeongoza wageni wanaokuja kuwinda. Msimu ukifunguliwa Julai naondoka Arusha nahamia kambini, upande wa Rungwa, na bunduki hii ndiyo ninayoibeba nikiwa nyuma ya mgeni. Kila msimu vijana wanaojifunza kazi hii, na wawindaji wakazi wenye leseni zao, huniuliza wanunue darubini gani. Huwajibu: nunua ndogo, nunua nzuri, kisha ifunge kwa uangalifu ambao utaona umezidi.

Udogo kwanza, maana hapo ndipo watu hubishana nami. Miombo ya Rungwa haikupi macho ya mbali. Nyati anafuatwa kwa nyayo tangu alfajiri, upepo ukipimwa kwa majivu kidogo kwenye kimfuko, na mwisho unajikuta mita 40 au 60 kutoka kwenye kundi, majani yakiwa yamefika kifuani. Ukiiweka VX-3i kwenye mara 1.5, kwa umbali wa mita 100 unaona upana wa takriban mita 20. Kwa mita 30 huo ni upana wa kama mita 6: nyati mzima anaingia, na aliye pembeni yake anaingia pia. Hilo la pili ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu risasi ya .375 inaweza kumpita dume uliyemchagua ikamkuta jike aliye nyuma yake.

Wapo wageni wanaofika na darubini za mara 5 hadi 25, lenzi ya mbele milimita 56, zito kama nini. Zimetengenezwa kwa watu wanaopiga shabaha za mbali, na kwa kazi hiyo ni nzuri kwelikweli. Lakini ukizishusha hadi chini kabisa bado ni mara 5, na kwa mita 30 upana unaobaki ni kama mita 2. Nyati dume ana mwili mrefu kuliko huo. Mgeni anaweka jicho, anaona ngozi nyeusi pande zote, hajui kama ni bega au paja. Mfuata nyayo wetu, mzee wa Kikimbu ambaye hajawahi kumiliki bunduki, ananiambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu bwana hamuoni." Huwa anasema kweli. Anaona ncha ya mtutu inavyotangatanga kushoto na kulia ikitafuta mnyama ambaye sisi wengine tunamuona kwa macho matupu.

Kuna hoja ya mwanga, na ndiyo inayowauzia watu lenzi kubwa. Hesabu yake ni rahisi: gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa idadi ya ukuzaji, unapata kipenyo cha duara la mwanga linaloingia jichoni. Lenzi ya milimita 20 kwenye mara 5 inakupa milimita 4. Ishushe hadi mara 3 inakupa karibu milimita 6.7, na mboni ya mtu mzima gizani hufunguka kiasi cha milimita 5 hadi 7. Kwa hiyo jua likikaribia kuzama huhitaji darubini nyingine, unarudisha ukuzaji nyuma tu. Huku kwetu mwezi Septemba jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na giza halichelewi. Kuwinda usiku kwa taa bila kibali ni kosa kisheria, basi sioni sababu ya mtu kulipia kifaa cha kuonea gizani au kubeba lenzi pana kama sahani kwa ajili ya saa ambazo anatakiwa awe kambini.

Msalaba wa darubini yangu ni Duplex, ule ambao Leupold waliuleta mwaka 1962: nyuzi nne nene zinazotoka pembeni na kuwa nyembamba zinapofika katikati. Unene huo wa pembeni unalivuta jicho kwenda katikati hata pale ambapo hakuna nafasi ya kutafuta. Udhaifu wake ninaujua na nausema: uzi mwembamba juu ya ngozi ya nyati mweusi aliyesimama kivulini, saa kumi na mbili jioni, ni mgumu kuonekana. Nyuzi nene ndizo zinazoniongoza wakati huo. Anayetaka nukta yenye mwanga katikati ya msalaba aitafute, zipo, na kwa mtu wa kuvizia chui kwenye chambo jioni ningemshauri ailipie.

Sasa nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma ambapo picha inajaa bila kivuli. Kwa .375 hili ndilo la kuuliza kabla ya bei. Risasi ya grain 300, karibu gramu 19.4, inatoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 770 kwa sekunde, na bunduki inarudi begani kwa nguvu. VX-3i inakupa kati ya sentimita 9 na 11, kutegemea ukuzaji. Darubini zilizotengenezwa kwa bunduki nyepesi za .22 mara nyingi zina nafasi ndogo kuliko hiyo, na ukizifunga juu ya bunduki nzito utaondoka na nyusi iliyopasuka. Kovu la nusu mwezi juu ya jicho la kulia nimeliona kwa wawindaji wa mataifa mengi. Baya zaidi ni linaloachwa ndani ya mtu: baada ya pigo hilo anaanza kufumba jicho kabla ya kubonyeza, na kumponya inachukua muda mrefu.

Mimi huchagua kwa mkono na jicho, siyo kwa picha ya tangazo. Ukiwa dukani kwa muuza silaha mwenye leseni, omba kutoka nayo hadi mlangoni. Tazama kitu cheusi kilicho kivulini, kama chini ya gari, uone kama unatofautisha tairi na bodi. Zungusha pete ya ukuzaji kutoka mwanzo hadi mwisho. Iende kwa uzito ule ule njia nzima. Fungua vifuniko vya vizungushio na usikilize milio. Kwenye hii kila mlio ni robo ya dakika ya pembe, ambayo kwa mita 100 ni kama milimita 7 kwenye karatasi ya shabaha. Milio iwe wazi kidoleni. Isiyojulikana imelia au haijalia itakusumbua uwanjani.

Tuje kwenye kufunga. Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami, maana darubini ya bei yoyote ikishikwa vibaya ni hasara. Msimu mmoja tulikuwa na mgeni ambaye kioo chake kilikuwa cha hali ya juu lakini kimebanwa na pete za aluminiamu za bei ya chini kabisa, za kampuni nisiyoitaja. Tulipiga karatasi kambini, risasi zikakaa pamoja vizuri. Njia za kitalu cha uwindaji zina mawimbi yanayotikisa Land Cruiser hadi meno, na siku chache za mtikisiko huo zilitosha: skrubu zililegea, darubini ikasogea mbele. Risasi aliyompiga nyati ikaingia tumboni. Sheria inakutaka umfuate mnyama uliyemjeruhi, na hata isingesema hivyo tungemfuata. Tulienda hadi giza likatufukuza, tukarudi kulipopambazuka, tukampata kwenye kichaka cha korongo akiwa bado hai na amegeuka kutuelekea. Hakuna aliyeumia. Ila usiku ule mnyama aliupitisha na kidonda kilichosababishwa na skrubu, na sijaacha kulifikiria.

CZ 550 ina bahati yake: sehemu ya juu ya mwili wake imechongwa mkia wa njiwa, yaani reli iliyopanuka juu, wa milimita 19 katika chuma chenyewe, kwa hiyo pete zinashika moja kwa moja bila kitako cha katikati chenye skrubu zake za ziada. Nimeweka pete za chuma za Talley zenye vishikizo vya kufungulia kwa mkono. Chuma, si aluminiamu, kwa sababu ya uzito wa teke. Vishikizo, kwa sababu bunduki hii ina kilengeo cha nyuma cha aina ya safari, jani moja lililosimama na mawili ya kukunjwa, na nikilazimika kumfuata nyati aliyejeruhiwa ndani ya vichaka naitoa darubini naiweka mfukoni. Pale umbali ni hatua kumi au pungufu, na macho mawili wazi yana thamani kuliko kioo chochote.

Namna ninavyofunga ni hii. Bolti inatoka kwanza, na chemba naichungulia kisha naiingizia kidole, hata kama ni mimi niliyeiweka bunduki kabatini. Kisha nafuta mafuta kwenye mkia wa njiwa, ndani ya pete na kwenye skrubu zote kwa kitambaa chenye spiriti. Mafuta yakibaki ndani ya pete, bomba litateleza siku moja. Naweka darubini kwenye pete bila kukaza, navaa koti lile lile ninalowindia, na nasimama. Usipime ukiwa umekaa mezani: mtu aliyekaa anasogeza shingo mbele, aliyesimama anaiweka nyuma. Naweka ukuzaji juu kabisa, kwa sababu hapo ndipo jicho halina nafasi ya kuchezea, nafumba macho, naipandisha bunduki begani kama kawaida, nafumbua. Nikiona duara kamili bila kivuli, imefika. Nikiona kivuli naisogeza milimita chache na kurudia hadi shingo isitafute chochote. Kati ya nafasi mbili zinazofaa nachagua ile ya mbele zaidi.

Msalaba kukaa wima nautazama kwa timazi ya fundi mwashi. Naning'iniza kwenye tawi mita 25 hivi mbele, naweka bunduki kwenye mifuko ya mchanga ikiwa imelala sawa, na uzi wima wa msalaba naulinganisha na uzi wa timazi. Ndipo nakaza, kidogo kidogo, skrubu hii kisha ya upande wa pili, nikihakikisha mianya ya pete inafungwa sawasawa. Bisibisi yenye kipimo cha nguvu ni kifaa ambacho kila kambi inapaswa kuwa nacho. Pete nyingi zinahitaji kati ya nyutoni-mita 1.7 na 2; nyingine za chuma zinaandikiwa zaidi, na karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Kukaza kwa hasira ya mkono kunaweza kulibonyeza bomba, na bomba lililobonyea hubana mitambo ya ndani. Kwenye bunduki yenye kitako cha katikati, tone dogo la gundi ya skrubu ya bluu, ile inayofunguka ukitaka, naliweka kwenye skrubu za kitako hicho. Mwisho nachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuanzia kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Asubuhi yoyote nikiangalia na mstari umekatika, najua skrubu imetembea.

Kupiga karatasi hakuhitaji risasi nyingi, na risasi za .375 si za kuchezea kwa bei yake. Bolti ikiwa nje, natazama kupitia mtutu hadi nione alama iliyo mita 25 mbele iko katikati ya tundu. Bila kuigusa bunduki, nasogeza msalaba uifikie alama hiyo hiyo. Risasi ya kwanza naipiga hapo hapo kwa mita 25. Kumbuka kwamba kwa umbali huo kila mlio unasogeza robo tu ya ule wa mita 100, chini ya milimita 2, basi usishangae kuzungusha mara nyingi. Halafu naenda mita 100, risasi tatu, mtutu unapoa kivulini, risasi tatu. Mifuko ya mchanga iwe chini ya mbao ya mbele, kamwe isiwe chini ya mtutu. Yangu nimeiweka ipige sentimita 3 juu ya katikati kwa mita 100. Nyati nampenda chini ya mita 80, na kongoni wa mita 150 hahitaji hesabu yoyote. Mwisho kabisa naifungua darubini kwenye vishikizo, naifunga tena, napiga moja. Ikirudi mahali pake, kazi imekwisha. Ya kwangu inarudi.

Baada ya hapo mgeni akitaka kupiga, tunapiga kutoka kwenye fimbo tatu za kuegemezea, kwa sababu meza haipo porini.

Matunzo hayachukui dakika nyingi ila yana mpangilio wake. Vumbi la Agosti hadi Oktoba ni laini na lina mchanga ndani. Ukilifuta kwa pindo la shati unakwangua rangi ile ya kinga iliyo juu ya kioo, ambayo ndiyo inayosaidia mwanga kupita. Pulizia kwanza kwa kipuliziaji cha mpira, pitisha brashi laini, kisha pumua juu ya kioo na ufute kwa kitambaa cha lenzi, kwa duara kutoka katikati kwenda nje. Dawa ya kufukuza mbung'o yenye DEET isifike kwenye darubini. Inakula plastiki na mpira, na mikono yetu sote huwa imejaa dawa hiyo saa nne asubuhi; nawa kabla ya kushika vifuniko. Garini bunduki ikae kwenye mfuko laini wenye sponji, ikilala au ikisimama kwenye mhimili, isiwe chini miguuni.

Ukungu unachanganya watu. Asubuhi za Julai ni za baridi, na ukipumua karibu na kioo cha nyuma kitafunikwa; huo ni wa nje na utaondoka. Ukungu ulio ndani, usiofutika, maana yake mpira wa kuziba umekufa na hewa ya nje imeingia. Leupold ndio walioanza kujaza darubini zao gesi ya nitrojeni mwaka 1947 ili zisipate ukungu wa ndani, baada ya mvua za Oregon kuwafundisha, na leo ni kawaida kwa kila kampuni inayojiheshimu. Kwa hiyo usifungue darubini kwa bisibisi yako ili "kuikausha". Gesi ikitoka, huna ya kurudishia.

Msimu ukiisha wengi wetu tunarudi mjini, na hapo Dar es Salaam na Tanga ni hatari kuliko pori. Unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye kioo, nyuzinyuzi kama utando mweupe, na kuvu ikishaula uso wa lenzi hairudi ilivyokuwa. Usihifadhi darubini ndani ya mfuko wa ngozi wala sponji lililofungwa, kwani vinanyonya maji. Kabati la silaha liwe na pakiti za silika za kunyonya unyevu, uzikaushe au uzibadilishe zinapogeuka rangi, na skrubu zipakwe utando mwembamba wa mafuta kwa kijiti cha pamba, bila kugusa kioo.

Nani asinunue hii? Anayewinda nyika za wazi za Longido au Simanjiro, ambako swala granti anasimama mita 200 na zaidi na hakuna mti wa kujificha. Huyo achukue mara 3 hadi 9 yenye lenzi ya milimita 40, juu ya .30-06 au .300, na pete zile zile za chuma. Kwa mtu mwenye bunduki moja tu ya kufanyia yote, nyati na swala, mimi bado ningemwelekeza kwenye 1.5-5. Mara 5 kwa mita 200 inatosha kuweka msalaba begani mwa swala, lakini mara 3 kwa mita 20, nyati akiwa anakuja, ni nyingi mno.

VX-3i imetoka kwenye orodha ya kiwanda tangu VX-3HD ilipochukua nafasi yake mwaka 2021, ila zilizotumika zipo mikononi mwa watu, na ikiwa bomba halijabonyea na milio ni safi sioni ubaya. Ukiagiza mpya ya aina yake kutoka Marekani, ongeza gharama za njiani na za nyaraka. Dhamana ya Leupold ni ya maisha na inaifuata darubini hata ikibadilisha mwenyewe, jambo zuri sana kwa anayenunua iliyotumika. Lakini Beaverton, kiliko kiwanda cha Leupold, ni mbali na Manyoni, na kitu kinachotumwa huko Agosti hakirudi ndani ya msimu huo. Kwa hiyo kambini tunayo darubini ya akiba, imeshafungwa kwenye pete zake za vishikizo na imeshapigwa karatasi kwenye bunduki hii hii, ikiwa ndani ya sanduku la bati pamoja na bisibisi ya kipimo na karatasi yenye namba za risasi zilizotumika.